Jicho Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Mtumiaji wa kamera ya renjifainda haoni kupitia lenzi inayopiga picha. Huchungulia kwenye tundu la pembeni, akaona taswira mbili za kitu kimoja, kisha akazungusha lenzi mpaka taswira hizo zilaliane. Jicho peke yake ndilo linaloamua kama zimelaliana sawasawa, kwa hiyo jicho ni sehemu ya kipimo, na dosari yake huingia kwenye picha. Nikikumbuka jinsi tundu hilo lilivyobadilika tangu 1932, mwaka ambao Leica II na Contax zilitoka na kipimo cha umbali kilichounganishwa na lenzi, naona kwamba mwanzoni kamera ililifuata jicho, baadaye ikaliacha lijitafutie. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka fokasi ya uhakika asahihishe jicho kwanza, ndipo afikirie kukuza.

Leica III ya 1933 ilikuwa na matundu mawili: moja la kupangia picha, jingine la kupimia umbali. Lile la kupimia lilikuza mara 1.5, tena lilikuwa na wenzo mdogo wa kulirekebisha lilingane na jicho la mtumiaji. Contax II ya 1936 iliunganisha kazi hizo katika tundu moja, na Leica ikafanya hivyo kwa M3 mwaka 1954. M3 ilionyesha vitu karibu kwa ukubwa wake halisi, yaani 0.91. Madirisha yake ya kipimo yako umbali wa milimita 68.5, ukizidisha kwa 0.91 unapata kama milimita 62, na idadi hiyo ndiyo nguvu halisi ya kipimo. Lakini ule wenzo ulitoweka. Huenda mtu akasema kuunganisha matundu hakukuacha nafasi ya wenzo. Hoja hiyo inavunjwa na FED-2, kamera ya Kisovieti ya 1955: ilikuwa na tundu moja la kazi zote mbili, na marekebisho ya jicho ilibaki nayo.

Kisha ukuzaji nao ukapungua. Wapenzi wa lenzi ya milimita 35 walihitaji kuona eneo pana, hivyo M2 ikashuka hadi 0.72, kiwango kilichodumu hadi M6, na M8 ya dijitali ya 2006 ikashuka zaidi hadi 0.68. Nguvu ya kipimo ikawa milimita 50, halafu 47. Wakati huohuo lenzi zilizidi kufunguka: Noctilux ya f/1 mwaka 1976, Summilux ya milimita 75 mwaka 1980, ambazo kwa karibu hazisamehe kosa dogo la fokasi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vikuzaji vya kufunga kwenye tundu, vya mara 1.25 na 1.4. Kikuzaji cha 1.4 juu ya 0.72 hukufikisha karibu ukubwa halisi, na kipimo hupanda hadi karibu milimita 70. Gharama yake ni kingo za eneo unaloona: fremu ya lenzi ya milimita 28 hupotea, na ya 35 pia. Wala ukubwa halisi peke yake si dhamana. Voigtländer Bessa R3A ilionyesha kila kitu kwa ukubwa wake, lakini madirisha yake yako milimita 37 tu, hivyo nguvu yake iko chini ya Leica ya 0.72.

Hata hivyo, kikuzaji hukuza kila kinachopita ndani yake, ukungu ukiwemo. Kitazamio cha Leica M kimewekwa dayopta -0.5, yaani taswira huonekana kama iko mita mbili mbele yako. Kwa hiyo namba ya miwani ya kusomea haifai hapo, kosa linalowapata wengi waliopita miaka 40, umri ambao macho huanza kushindwa vitu vya karibu. Lenzi za kusahihisha za Leica huanzia -3 hadi +3, na zinawatosha wenye tatizo la kuona mbali au karibu tu. Mwenye astigimatizimu, ambaye jicho lake halipindi mwanga sawa pande zote, hasaidiki nazo. Hata akitengenezewa kioo maalumu, akiisimamisha kamera wima kioo kinageuka nayo na usahihisho unakwenda kombo. Huyo abaki na miwani yake. Watasema miwani huliweka jicho mbali na tundu, na pembe za fremu hazionekani. Ni kweli, na jibu ni kitazamio chenye ukuzaji mdogo zaidi, kama kile cha 0.58 cha M6 TTL, au lenzi ndefu zaidi.

Basi, msomaji, kabla hujalipia kikuzaji, nenda kwa daktari wa macho. Kisha vaa miwani ya kuonea mbali na uchungulie: taswira zikitulia, tatizo lilikuwa jicho. Jaribu vioo vya dayopta mbalimbali mbele ya tundu kabla ya kuagiza. Kipimo chenyewe kikiwa kimeteguka, mpelekee fundi, kwani hakuna kikuzaji kinachokinyoosha. Kikuzaji kinunuliwe mwisho, na anayestahili kukinunua ni mtumiaji wa lenzi za milimita 50 na kuendelea.