Kamera Kwenye Baridi ya Rwenzori



Vijana wengi wa familia zetu hupanda milima wakati wa likizo, na karibu kila mmoja ana kamera ya dijitali au simu yenye kamera. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa wazee wanaobaki nyumbani wakisubiri picha.

Januari iliyopita mimi na mwanangu tulipanda Rwenzori, magharibi mwa Uganda, hadi kibanda cha Elena, zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Mama yangu alikulia Kasese akiiona theluji ile kwa mbali. Alitupa kazi moja tu: tumletee picha yake. Ana sababu. Mwitaliano Vittorio Sella alipoipiga picha milima hiyo mwaka 1906, barafu ilikuwa kilomita za mraba zipatazo 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1.

Adui wa kwanza wa kamera huko ni baridi. Kemikali za betri hufanya kazi polepole, kamera ikasema betri imekwisha kumbe bado ina nguvu. Usiitupe, ipashe joto mwilini, nayo itafufuka. Tulibeba betri 3. Mchana tulizivaa ndani ya nguo, karibu na kifua, na usiku tukalala nazo.

Adui wa pili ni joto lenyewe. Ukiingiza kamera ya baridi kibandani penye watu na chai, hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na unyevu huo unaweza kuingia ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, usiufungue mpaka kamera ipate joto, hata ikichukua saa nzima.

Theluji nayo huihadaa kamera: weupe mwingi huifanya ipunguze mwanga, picha ikatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua 1.

Siku ya mwisho ukungu ulifunguka alfajiri kwa dakika chache tu. Mwanangu alichomoa betri yenye joto kifuani, akaitia kwenye kamera, akapiga picha 11.

Mama alizitazama kimya. Kisha akasema, "Enzi zetu ilikuwa nyingi kuliko hii, mjukuu wangu. Zitunze." Tumezichapisha na kuandika tarehe nyuma yake.

Basi wazazi, mtoto akiwaaga kwenda mlimani, mwulizeni betri ya akiba ataiweka wapi.