Mzee wa Miaka 19

Kutoka kwetu Kiboko, Kenya, hadi Jinja, Uganda, ni safari ya basi, ukipanda jioni Nairobi asubuhi umefika. Mimi nilifika kupitia Ghana.

Kanisa letu ndivyo linavyofanya mambo. Mwaka 2013 barua ya wito ilitoka Salt Lake City, Marekani, ndani ya bahasha kubwa nyeupe, ikisema nitatumikia miaka 2 katika Misheni ya Uganda Kampala, ila nianzie kituo cha mafunzo nchini Ghana. Mama aliposikia neno Uganda aliweka sufuria chini. “Kwa Amin?” Nikamkumbusha kwamba Idi Amin alikimbia nchi mwaka 1979. Hakuridhika. Usiku huo alinishonea mfuko wa siri ndani ya suruali, wa kufichia pesa ambazo sikuwa nazo.

Sikuwa nimewahi kupanda ndege kabla ya hapo, na ya kwanza ikanivusha bara zima ili nije kuwa jirani. Ghana walitupa ratiba, wakatukagua tai na mashati meupe, wakatubandika kifuani kile kibao cheusi chenye jina la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu hutuita Wamormoni. Kabla ya jina langu kuliandikwa “Elder”, neno ambalo Kiswahili cha kanisani hulitafsiri kuwa Mzee. Nilikuwa na miaka 19, na ndevu 3.

Somo lililonisumbua ni la minong’ono ya Roho. Mwalimu alitueleza habari za Oliver Cowdery, karani wa mwanzilishi wa kanisa letu, Joseph Smith. Mwaka 1829 karani huyo alitaka naye apewe kutafsiri maandiko, akashindwa. Akaambiwa kwamba alidhani kuomba kunatosha. Ilimpasa kwanza alifikirie jambo mwenyewe, kisha aulize kama ni sawa. Likiwa sawa kifua kingewaka, lisipokuwa sawa akili ingepumbaa. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi nilibaki na kalamu hewani, maana kifua changu kiliwaka kwa kila kitu: kwaya ikiimba, nikikumbuka nyumbani, hata kengele ya chakula ikilia. Ningejuaje upi ni moto wa Mungu na upi ni wa njaa?

Nilibeba swali hilo hadi Uganda. Basi lilipovuka bwawa la Owen Falls kuingia Jinja niliona Nile kwa mara ya kwanza, maji ya kijani yakitoka povu upande mmoja, na askari amesimama kuhakikisha hakuna anayepiga picha. Mkufunzi wangu alikuwa Mzimbabwe mrefu, mpole, mwenye viatu vilivyoliwa visigino. Kanuni alinipa tukiwa njiani: kuamka saa 12 na nusu asubuhi, usiku saa 3 tuwe ndani, na tusiachane, ila chooni tu. Nyumbani ningepiga simu Krismasi na Siku ya Akina Mama, basi.

Akaongeza moja ambayo haikuwa kitabuni: Kiswahili nikitie mfukoni. Nilidhani anatania. Siku ya tatu, mtaa wa Walukuba, nikamwamkia bibi mmoja, “Shikamoo mama.” Alirudi nyuma hatua 2, akafunga mlango. Kwa watu wa umri wake Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, lugha ya kuulizwa kitambulisho usiku. Lugha niliyoombea tangu utoto, kwake ilikuwa buti mlangoni. Tangu hapo nikawa mtu wa Kiingereza na vijineno vya Luganda.

Wiki ya pili tukafika njia panda, mkufunzi akasema, “Leo wewe chagua.” Nikafumba macho. Kifua kikawaka. Nikaelekeza kushoto. Tulitembea kushoto saa nzima, hakuna aliyetufungulia. Tulipopumzika aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeona kwamba kushoto ndiko kulikuwa na miembe na kivuli.

Baada ya aibu hiyo nikaamua kutoamini lolote linalotoka ndani yangu. Uamuzi huo nao ulinigharimu. Kulikuwa na mama muuza mkaa tuliyemfundisha mara 2. Jioni moja, tukirudi, wazo likanijia kavu, bila moto wowote kifuani: pitieni kwake. Nikatazama saa, zilibaki dakika 20. Nikanyamaza. Asubuhi tukakuta majirani wanafagia vumbi la mkaa. Alikuwa amehama usiku na watoto wake, na aliyejua alikokwenda hakutaka kusema. Labda tungepita asingekuwapo. Labda angetuambia hodi zetu zinamkera. Lakini ule ukavu wa lile wazo sikuusahau. Halikunibembeleza wala kunitisha. Lilisema mara moja likaniachia.

Lilirudi hivyo hivyo siku ya Alhamisi, ndani ya taksi, zile gari za abiria 14 ambazo kwetu ni matatu. Tulikuwa tunaelekea Iganga. Miguuni nilikuwa na gunia la mukene, vile visamaki vya ziwani, lenye harufu ya kumtoa mtu roho. Tukikaribia Bugembe nikasikia: shukeni hapa. Nikamweleza mkufunzi, na gunia sikulificha. “Inawezekana ni mukene,” nilisema. Akafikiri. “Basi tushuke na wote wawili,” akasema.

Tulibisha hodi saa nzima bure. Mvua ikaja. Tukajibanza kwenye baraza ya muuza chapati, nikajisemea kwa Kiswahili, “Haya sasa.”

“Wewe ni wa wapi?” Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kona, koti limekwisha viwiko. Nikamwambia Kiboko. Alinitazama kwa muda, kisha akanisalimu kwa Kikamba, ile salamu mkubwa humpa mdogo. Alikuja na reli, akasema, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 wenzake wakarudi Kenya, yeye akabaki kwa ajili ya mke. Mke alikwisha kufa. Aliinama akasoma kibao changu, akacheka hadi akakohoa. “Elder? Wewe ni mzee wa nani?”

Akaagiza chai. Sisi chai ya majani hatunywi, na Mkamba hamkatalii mzee chai. Nilitokwa jasho kwenye baridi. Mwisho nikaomba maziwa ya moto matupu. Akaniuliza kama ninaumwa. Alizungumza hadi mvua ikaisha, habari za stesheni, za mbuzi wa baba yake, za milima ya Chyulu ikiwa bluu alfajiri. Nilipogusia kanisa alipunga mkono. Ana dini yake, inamtosha. Ila akataka tuje tena.

Jumapili usiku tulisoma takwimu za wiki kwa simu, kama ada. Alhamisi, masomo yaliyofundishwa: 0.

Alhamisi iliyofuata taksi haikuwa na mukene. Tulipokaribia Bugembe mimi nilikuwa nimesinzia. Mkufunzi ndiye aliyemwita kondakta. “Mu maaso awo,” yaani hapo mbele, alisema, kwa Luganda yake ya Harare, na gari likasimama.