Safari ya Sudi: Nani Huyaita Maji?

Ndugu msomaji, je, umepata kufika Sudi? Ukitoka mjini Lindi kwa barabara kuu ya Mtwara, wapita Mnazi Mmoja, penye njia panda ya kwenda Masasi. Ukiendelea mbele, wafika mahali pa kuiacha barabara hiyo na kushika njia ya mkono wa kushoto, ishukayo baharini. Huko utaona minazi, kisha mikoko, kisha hori la bahari lililoingia ndani ya nchi kavu. Hapo ndipo Sudi, mji wa kale wa Waswahili. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, na kazi yao kubwa ni uvuvi.

Sikwenda huko kutembea tu. Nilifuatana na mpwa wangu, kijana wa miaka 22 asomaye Chuo Kikuu. Tangu utoto alikuwa mtumishi wa altare. Lakini likizo hii alimwambia mama yake, mbele ya wadogo zake, ya kuwa hasadiki tena kwamba Mungu yuko, na Jumapili ile hakwenda Misa. Dada yangu alilia sana. Shemeji akaapa kwamba mtoto huyo hatakula tena nyumbani mwake. Ndipo dada akanijia usiku, akasema, "Kaka, mchukue mwanao ukaseme naye. Nisije nikampoteza."

Msomaji, huenda jambo hili limeingia nyumbani kwako pia. Kwa hiyo nakusimulia yaliyotupata njiani.

Usiku wa kwanza tulilala Lindi. Jioni tuliketi karibu na bandari, naye akanieleza habari za Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini magharibi ya mji huo. Toka mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya wanyama wakubwa ajabu, ambao wametoweka duniani zamani sana. Watu wetu ndio waliochimba, na wapagazi wakabeba mifupa hiyo mwendo wa siku nne hivi mpaka Lindi, tani zaidi ya 200, ikapakiwa melini. Mnyama mmoja amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin, na kimo chake chapita meta 13.

"Mjomba," akasema, "mifupa ile ina miaka karibu milioni 150. Katekista alitufundisha ya kuwa dunia iliumbwa kwa siku sita. Nani aliyesema uwongo?"

Nikamjibu kwamba hakuna aliyesema uwongo. Kanisa halitulazimishi kukisoma kitabu cha Mwanzo kama daftari la kuhesabia miaka. Kitabu hicho chatufundisha ya kuwa vyote vyatoka kwa Mungu na ya kuwa ni vyema. Tena nikamwuliza kama amepata kusikia jina la Georges Lemaître. Akasema ndiyo: ni Mbelgiji ambaye mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unazidi kutanuka, na mwaka 1931 akafundisha kwamba ulianza katika kitu kimoja kidogo kilichosongamana. Wataalamu wa leo wasema mwanzo huo ulikuwa miaka bilioni 13.8 iliyopita. "Basi," nikasema, "huyo alikuwa padre. Alipewa upadre mwaka 1923." Kijana alishangaa, maana hakuna aliyemwambia.

Lakini usidhani nilimshinda. Padre Lemaître mwenyewe hakupenda watu waitumie elimu yake kuwa hoja ya kuthibitisha kwamba Mungu yuko. Alijua kwamba hesabu za nyota ni kazi moja, na imani ni neno jingine. Hali kadhalika, Mrusi Gherman Titov, aliyeizunguka dunia angani mwaka 1961, alisema mwaka uliofuata kwamba hakumwona Mungu huko wala malaika. Sisi nasi hatukufundishwa kwamba Mungu ni kitu kimojawapo katika vitu vya angani, hata chombo kikipanda juu sana kimkute. Mpwa wangu alicheka, akakubali kwamba neno la Titov halina nguvu. "Lakini mimi sikuacha kusadiki kwa sababu ya Titov," akasema. Hakuniambia zaidi.

Kesho yake tulifika Sudi saa nne asubuhi. Zilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu umepita jana yake tu. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga, na akina mama walikuwa mwambani wakichokoa pweza. Mzee mmoja aliketi chini ya mti akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Kijana akamwuliza maji yatarudi lini. "Saa kumi yatakuwa yamejaa," mzee akajibu. "Kesho yatachelewa kidogo, na kesho kutwa yatachelewa tena. Yanafuata mwezi."

Basi mpwa wangu akachora mchangani dunia, mwezi na jua. Akaeleza jinsi mwezi uyavutavyo maji, na jinsi jua lisaidiavyo vinapokuwa katika mstari mmoja. Kwa hiyo bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Akaeleza kwamba maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa kuwa mwezi nao husogea katika njia yake. Mzee alisikiliza kwa furaha.

"Ahsante, mjukuu wangu. Hayo ya jua sikuyajua. Sasa nami nikuulize. Mimi nikirudi salama kutoka baharini nasema Alhamdulillahi. Wewe ukirudi salama, wamwambia nani ahsante?"

Kijana akafikiri. "Nawashukuru walionifundisha kuogelea, babu, na waliounda chombo."

"Hao nao wastahili," mzee akasema, akaendelea kushona.

Kisha akatuonyesha lile hori. Mwezi wa Machi 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliingia humo kwa siri, imejaa mizinga na risasi. Mwezi wa Aprili manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga, lakini ikatoroka usiku. Shehena yake ilikuwa imekwisha kupelekwa bara, juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponifunulia moyo wake. "Mjomba, Wajerumani walisali washinde. Waingereza walisali washinde. Wapagazi wetu makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi katika vita isiyo yao. Mungu alikuwa wapi? Mifupa ya Tendaguru hainisumbui. Hili ndilo linalonisumbua."

Nilitaka kumjibu upesi, kisha nikakumbuka Ayubu. Rafiki zake walipoketi naye siku saba bila kusema, walifanya vema. Walipoanza kumhubiri ndipo walipokosa. Na mwishoni Mungu aliwakemea wao, siyo Ayubu aliyelalamika. Basi nikakaa kimya mpaka maji yalipoanza kurudi. Kisha nikamwambia, "Sijui kwa nini. Lakini Mungu ninayemsadiki mimi naye alibeba mzigo, akafa chini yake."

"Hilo si jibu, mjomba."

"Kweli, si jibu la hesabu. Ni sababu yangu ya kumtegemea."

Tuliporudi nilikwenda kwanza kwa shemeji. Nikamkumbusha kwamba Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulisema kwamba sisi waamini twaweza kuwa na sehemu yetu katika kosa la wasiosadiki, tukimficha Mungu kwa mafundisho mabaya au kwa mwenendo wetu. Shemeji alinyamaza sana. Jioni akamwita mwanawe kula. Wakati wa Rozari kijana alibaki barazani, hakuingia. Na dada yangu aliuacha mlango wazi.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuletea swali, usimnyime ugali. Jifunze anayojifunza, maana elimu ya kweli haimpingi Mwumba wake. Na usipolijua jibu, kiri kwamba hulijui. Hilo si dhambi. Endelea kumwombea, naye akuone ukiishi unachokisadiki.

Nawe ukipata nauli, nenda Sudi na kijana wako. Fikeni saa nne, siku za bamvua, mkae mpaka maji yajae. Kwa hayo yote hamtapungukiwa la kuzungumza.