Firimbi na Jina

Wapenzi wa mpira wa kikapu wana shitaka la siku nyingi juu ya waamuzi wao. Husema ya kwamba mchezaji mashuhuri akiguswa kidogo tu firimbi hulia, na asiye na jina akiangushwa kwa kishindo huambiwa ainuke aendelee. Methali ya ng'ombe wa maskini hutajwa papo hapo, na shauri huwa limekwisha kabla halijaanza. Mimi naona ya kuwa shitaka hili lastahili kusikilizwa kwa utaratibu, maana ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa, na moja tu ndilo lenye uzito.

La kwanza ni hesabu. Nyota hupewa mitupo huru mingi kuliko wenziwe, na washtaki huihesabu mitupo hiyo kuwa ushahidi. Lakini nyota ndiye aushikaye mpira zaidi, ndiye aingiaye chini ya kikapu mara kwa mara, na walinzi walioshindwa kumzuia kwa miguu humzuia kwa mikono. Apitaye msituni kila siku hukwaruzwa na miiba kuliko akaaye nyumbani, wala hatusemi kuwa miiba inampenda. Tena yako malalamiko ya kinyume. Shaquille O'Neal alikuwa nyota mkubwa, na wengi waliomtazama walishikilia ya kuwa alipigwa mikono na mabega bila firimbi kulia, kwa sababu mwili wake haukutikisika. Basi wingi wa mitupo peke yake hauthibitishi kitu.

La pili ni jicho, na hapa washtaki wana hoja. Mwaka 2014 wataalamu wawili, Jerry Kim na Brayden King, walichapisha uchunguzi juu ya mchezo mwingine wa Marekani, besiboli, ambako mitambo hupima kila mpira umepita wapi, na hukumu ya mwamuzi yaweza kulinganishwa na ukweli. Walipitia mipira zaidi ya laki saba ya misimu ya 2008 na 2009. Wakaona ya kuwa mtupaji aliyekwisha kuteuliwa mara nyingi katika kikosi cha nyota alihesabiwa mpira mzuri, hali umepita nje ya mpaka, mara nyingi zaidi kuliko mtupaji asiyewahi kuteuliwa. Si lazima pawe na rushwa hapo. Mwamuzi aliona alichotazamia kuona. Mwaka 1968 Robert Merton aliupa mwenendo wa namna hii jina la Mathayo, akikumbuka mfano wa talanta katika Injili. Naye alikuwa akisema juu ya wanasayansi, ambao mwenye sifa miongoni mwao huongezewa sifa kwa kazi ile ile aliyoifanya mwingine asiyejulikana.

Haya niliyafikiri zaidi nilipokuwa Buigiri, mashariki ya Dodoma katika barabara ya Morogoro. Ni mahali pa misheni ya zamani ya Kianglikana, na pana shule ya watoto wasioona ijulikanayo mbali. Jioni moja, vumbi likipeperushwa na upepo wa Ugogo, vijana walicheza mpira wa kikapu katika kiwanja cha udongo. Mmoja wao sifa zake zilikuwa zimefika mjini. Kando yangu aliketi mzee asiyeona, mwalimu aliyestaafu. Kijana mwembamba aliyemlinda yule mwenye sifa alipohesabiwa kosa la tano akatolewa, watu walibishana sana. Nikamwuliza mzee, "Mwalimu, wewe wasemaje?"

Akajibu, "Mwanangu, mimi sikuona. Lakini nimesikia makelele kwanza, kisha firimbi. Kosa lile wamelitoa watazamaji."

Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake walieleza jaribio walilolifanya kwa waamuzi 40 wa kandanda huko Uingereza. Waliwaonyesha migongano ile ile ya wachezaji, baadhi yao wakisikia sauti za umati na baadhi wakitazama kimya kimya. Waliosikia umati walitoa makosa machache dhidi ya timu ya nyumbani, pungufu ya asilimia 15.5. Mzee wa Buigiri alifika huko kwa sikio lake, bila maabara. Wala hapana ajabu, kwani jina la nyota ndilo linaloimbwa. Nyota huwa yuko nyumbani popote aendapo.

Madhara ya jambo hili hayamo katika pointi mbili za siku moja. Kwa sheria za dunia mchezaji hutolewa kwa kosa la tano katika dakika 40. Katika ligi kuu ya Marekani ni la sita katika dakika 48. Kijana mgeni akipata makosa mawili mapema, kocha humketisha, na aliyeketi hajengi jina. Namfikiria Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitajwa mara ya pili kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, kisha Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wote wa mwaka ule. Miezi michache baadaye alikuwa mgeni miongoni mwa majina makubwa, na mikono yake mirefu ilikuwa ile ile. Sidai ya kuwa waamuzi ndio waliomfupishia safari. Hilo lingekuwa uzushi. Lakini mlinzi mrefu huishi kwa mguso uwezao kuitwa ustadi au kosa, na mguso wa namna hiyo ndio uachao nafasi kwa jina kunong'ona.

Nasi walimu tuna firimbi zetu. Chuoni karatasi za mtihani hubeba namba badala ya majina, desturi njema isiyotosha, kwani baada ya kurasa mbili mwandiko wa mwanafunzi hodari hujitangaza wenyewe. Kwa hiyo mimi husahihisha swali la kwanza la karatasi zote, nikaandika alama ndani ya jalada nisipoziona, kisha nikalichanganya rundo zima kabla ya kuanza la pili. Kazi huchukua siku mbili zaidi.