Ng'ombe wa mama anatafuna mifupa!

Najua nimekuwa kimya, ila si mnajua tena mambo ya testi, na bumu lenyewe limekata zamani. Leo acha niwape yaliyonikuta juzi.

Basi bwana, tuko kwenye lekcha ya lishe ya mifugo, mwalimu anaongelea ng'ombe wanaotafuna mifupa na matambara. Darasa zima kicheko. Mimi nikanywea. Wiki mbili nyuma mama alinipigia kutoka Kongwa: "Mwanangu, huyu ng'ombe wetu siku hizi anaokota mifupa jalalani, na tangu azae, mwezi wa nane huu, hajaonyesha joto." Msomi wenu nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Mama, mpe chumvi tu ya kutosha." Akawa anampa chumvi ya jikoni kila siku.

Kumbe chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloraidi tu! Ng'ombe anaihitaji, hilo halina ubishi, ila anayetafuna mifupa mara nyingi anatafuta fosforasi. Kiangazi majani yakikauka, fosforasi yake inapungua sana, na huku kila lita ya maziwa inatoka na karibu gramu 1. Yeye anatoa lita 8 kwa siku, pigeni hesabu wenyewe. Asipoipata kwenye malisho anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na joto linachelewa. Mbaya zaidi, mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ng'ombe akapooza na kufa.

Nikatoka nje kumpigia. "Shikamoo mama. Nilikushauri vibaya." Nikamwelekeza upya: mifupa yote ifukiwe, amwite bwana mifugo ampime, maana kukosa joto kuna sababu nyingi, anunue madini ya ng'ombe wa maziwa yenye fosforasi, na asome maandishi kwanza, kwani mawe mengine ya kulamba ni chumvi tupu. Ayaweke pasiponyeshewa, na maji yawepo muda wote. Pumba za mahindi nazo zinasaidia. Ila wale kondoo wetu wawili wasiyaguse, madini ya ng'ombe huwa na shaba, na kondoo ikimzidi kidogo tu inamuua.

Nilidhani atanigombeza. Akacheka: "Kumbe mwenzetu alikuwa anasema, sisi ndio hatusikii."

Wadau, maziwa ya ng'ombe huyu ndiyo yalinilipia sekondari. Hela yangu ya chipsi mwezi huu yote imeenda kwenye madini, nakula wali maharage kwa mkopo na wala sijutii. Joto bado, nitawajuza.

Nawe mwenye ng'ombe nyumbani, piga simu leo, uliza analamba nini.

Tuko pamoja!