Kliniki chini ya mgunga

Lami kutoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona kali, kisha hutulia kwenye mashamba ya Karatu. Watalii wengi hulala hapo usiku mmoja na alfajiri wameshaondoka. Wenyeji wana Karatu yao nyingine: ngano na mahindi ya Wairaqw, vitunguu kutoka Mang'ola, kahawa ya Oldeani, na siku ya mnada ambayo ng'ombe na mitumba hugombea njia moja. Na kwa kijana anayekwenda kujitolea katika huduma za afya za misheni huko Ngorongoro, hapa ndipo mahali pa mwisho pa kununua alichosahau. Mara nyingi ni sweta.

Sweta si mzaha. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba dereva huwasha taa. Kijana aliyefunga begi Dar es Salaam akidhani Afrika yote ni joto hutetemeka kabla hata ya kuliona bonde. Lakini baridi hiyo kwake ni ya wiki mbili. Mtoto mchanga wa bomani hulala nayo mwaka mzima, ndani ya nyumba iliyojaa moshi wa moto uleule unaompa joto. Ndiyo maana wauguzi wa huku husikiliza vifua vya watoto kwa makini, na ndiyo maana pia huletewa watoto walioungua.

Baada ya lango la Lodoare barabara hufuata ukingo wa kreta, halafu njia ya Endulen hujitenga na ile ya Serengeti. Magari ya watalii hubaki kwenye njia yao. Kuelekea Endulen hukutana na punda waliobeba maji, watoto na mbuzi, na pundamilia wasiojali. Si mbali na hapo ni Laetoli, ambako mwaka 1978 kundi la mtafiti Mary Leakey lilifukua nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Kutembea kwa miguu, basi, ni jambo la zamani sana katika sehemu hii. Kwa mama mjamzito wa Kakesio halijawa la zamani.

Hospitali ya Endulen ni ya Jimbo Kuu Katoliki la Arusha. Iliasisiwa miaka ya 1970 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, ambaye kabla yake alikuwa ameanzisha ile ya Wasso, Loliondo. Mgonjwa aliyezidi uwezo wa Endulen hupelekwa Karatu au Arusha kwa njia ileile, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Mama mwenye uchungu uliokwama hana muda wa kungoja tope likauke.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, hubebwa na kliniki ya mkoba. Gari hutoka asubuhi na kasha la baridi lenye chanjo, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kituo chenyewe huwa ni mti wa mgunga. Mizani huning'inizwa kwenye tawi. Mtoto huvalishwa kikaptula cha kitambaa, hutundikwa, hulia, na akina mama hucheka. Muuguzi husoma uzito na kuuandika kwenye kadi. Ukame ukiwa umepunguza maziwa, kadi husema hivyo kabla ya mama kufungua kinywa. Kulima kumepigwa marufuku ndani ya hifadhi, kwa hiyo unga hutoka Karatu, na bei ya ng'ombe ikianguka mnadani, mstari kwenye kadi nao huanguka.

Mgeni hufanya nini hapo? Wengi huja wakiwa na ndoto ya kutibu. Sheria haiwaruhusu hivihivi: daktari wa kigeni anatakiwa kuwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwanafunzi ni mwanafunzi tu, hata avae koti jeupe namna gani. Mzazi anayemlipia mwanawe safari kupitia wakala anayeahidi kwamba atashona vidonda na kuzalisha amwulize wakala huyo: je, kwao angeruhusiwa? Kazi ya kweli ni kubeba kasha, kupanga kadi, kushika mtoto asianguke, kufua mashuka. Kazi ndogo hizo humwachia muuguzi dakika za kuzungumza na mama kwa Kimaasai, na hapo ndipo tiba ilipo.

Salamu nayo ni kazi. Mama wa makamo huitwa "Yeyo", husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Watoto hawanyoshi mkono. Huinamisha kichwa na mkubwa huwagusa utosini. Mgeni anayetoa simu kabla ya salamu ameshaharibu asubuhi yake. Ni mama yupi wa Sinza angekubali mwanawe apigwe picha akiwa ananing'inia kwenye mizani?

Wanaoijua kazi hii hupima kwa kalenda. Mwaka 1983 padri na rubani Mmarekani, Pat Patten, alianzisha Flying Medical Service, Arusha, ndege ndogo zikawa zinatua kwenye viwanja vya nyasi kwa ratiba, kijiji kilekile, tena na tena. Chanjo ya wiki ya 6 bila ya wiki ya 10 na ya 14 ni kazi nusu. Kambi ya siku tatu yenye mabango na fulana inaweza kung'oa meno mengi, lakini haiwezi kurudi mwezi ujao.

Swali la nani atarudi limekuwa zito zaidi tangu 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni. Yenyewe huuita uhamaji wa hiari. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilisema huduma za afya na shule zimepunguzwa hifadhini ili watu waondoke; serikali imekanusha kuwalazimisha. Kati ya maneno hayo mawili yuko mama mwenye kadi mkononi.

Jua likianza kuinama, mizani hushushwa na kasha hufungwa. Kabla ya kupanda gari muuguzi huandika tarehe ijayo kwenye kila kadi, kisha huisoma kwa sauti kwa Kimaasai, na kila mama huirudia.