Mchoraji wa Machame niliyetajiwa na mgeni

Mwezi uliopita niliaibika. Nilikuwa nimekaa Soko la Wamasai hapa Arusha na rafiki yangu mmoja mchoraji, tunapiga soga huku akimalizia tembo wake wa sijui wa ngapi wiki ile. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, akazitazama picha zote taratibu kisha akauliza: "Mna chochote kinachofanana na kazi za Sam Ntiro?"

Rafiki yangu akanigeukia mimi. Si mimi ndiye mwandishi wa habari? Si mimi ninayejidai naandika mambo ya sanaa? Nikabaki natazama viatu vyangu.

Tingatinga tunamjua wote. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 na mpaka leo jina lake limebandikwa kwenye kila picha ya rangi kali, kuanzia Mnara wa Saa hadi Zanzibar. Lakini Ntiro? Nikarudi nyumbani, nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo aibu ilivyozidi. Mtu mwenyewe ni jirani!

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Machame hii hii, ambayo ukiondoka Arusha asubuhi, ukashuka njiani na kuunganisha gari la kupanda mlimani, unafika jua bado halijawa kali. Miaka ya 1940 alikwenda Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Akaenda London kusoma Slade, akarudi Makerere kufundisha. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 akawa balozi wetu Uingereza. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, akafundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Ndugu msomaji, balozi anayechora! Na alichora nini huko kote alikokwenda? Migomba. Watu wanaolima. Watu wanaovuna, wanaojenga, wanaokwenda sokoni. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, uko New York katika Museum of Modern Art, jumba linalohifadhi kazi za Picasso. Mbege yetu imefika huko, wewe na mimi hatuna habari.

Wapo wasomi waliomlaumu. Walisema anachora kama mtoto: watu wadogo wadogo, miti imepangwa kama kwenye kitambaa, cha mbali na cha karibu havitofautiani sana. Walisema pia kwamba miaka nenda rudi hakubadilika. Kwa mara ya kwanza nilipoziona picha zake kwenye simu, nakiri, nami niliwaza hivyo hivyo. Lakini jiulize: mtu aliyesoma Slade angeshindwa kujifunza kuchora barabara inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali? Alikataa tu. Trowell hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya, hilo linajulikana, lakini mwalimu hawezi kukushikia brashi miaka arobaini. Hapo pana uamuzi wa mtu mzima.

Uamuzi huo nilieleweshwa na babu yangu. Jumapili nilipanda kwake, upande wa Nkoaranga, Meru. Nikamwonyesha ule mchoro wa pombe. Akaishika simu mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Aliyechora hapa," akasema, "amewahi kubeba."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mtu anayetazama harusi kutoka barabarani huchora vingine. Halafu akaanza kunihesabia waliokwenda naye alipopeleka pombe kwa kina bibi, jina baada ya jina, nani alitangulia na nani aliteleza kwenye tope. Watu saba. Sikuwa nimewahi kusikia hata mmoja kati yao, na wote wameshafariki. Nikawaandika nyuma ya risiti ya mafuta, maana sikuwa na karatasi nyingine.

Aliporudisha simu akauliza, "Na picha yenyewe iko wapi?"

"Marekani, babu."

"Nani aliwapelekea?"

"Waliinunua."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama anafurahi au anasikitika, nami sikuuliza.

Jumatatu nikarudi sokoni, nikamsimulia rafiki yangu yote. Yeye ni mtoto wa Poli, amekulia migombani kama mimi. Tembo anawachora kwa kunakili tembo waliochorwa na wengine. Nikamwambia, kaka, chora kwenu. Chora harusi ya dada yako. Akacheka, akachovya brashi, akamwekea tembo jicho.

"Mwandishi," akasema, "nani atanunua?"

Nimekaa na swali hilo wiki tatu sasa. Jibu la kulipa kodi yake ya mwezi sina. Ninachojua ni kwamba kuna mzee wa miaka themanini na kitu aliyeuona mchoro ule kwa dakika tano akakumbuka watu saba. Yeye hanunui picha. Lakini kama Ntiro angechora tembo, majina yale babu angezikwa nayo.

Ile risiti bado ninayo. Wino umeanza kufifia, leo usiku nanakili.